Mashine ya kupiga sakafu msasa: Muundo, nguvu na hatari zake

NI nadra kwa mgeni anayekanyaga sakafu laini kujiuliza ilivyolainishwa. Ataisifu vanishi na atausifu mng'aro wake, lakini mashine iliyoikwangua hadi ikawa sawa haimjii akilini. Hata hivyo, uzuri na uhai wa sakafu hutegemea mashine hiyo, na afya ya fundi anayeisukuma hutegemea jinsi ilivyoundwa.

Katika miji ya Kitale na Bungoma, kazi hii ina sura mbili. Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, ilikuwa kitovu cha wakulima walowezi wa Kizungu, hasa baada ya reli kufika mjini humo mwaka wa 1926. Katika nyumba za enzi hizo, mbao za podo na mtarakwa zilitandazwa sakafuni, nazo zikitunzwa hudumu miaka mingi.

Bungoma, upande wa magharibi, ni mji wa saruji zaidi. Huko, kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya, anayetaka sakafu ya kudumu dukani, shuleni au nyumbani mara nyingi huchagua terazo: vipande vya marumaru vilivyochanganywa na saruji, vikamwagwa, vikakauka, kisha vikasuguliwa hadi vionekane.

Mbao na terazo hazisuguliwi kwa mashine moja. Lakini kanuni za umekanika zinazotawala ni zile zile, na anayezielewa hawezi kudanganywa kwa urahisi na muuzaji wala na mkandarasi.

Suala hili lilipata uzito zaidi Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Marufuku hiyo, iliyodumu hadi ilipoondolewa mwaka wa 2023, iliwakumbusha wengi kuwa ubao mzuri si kitu cha kutupwa. Sakafu kuukuu inayoweza kukwanguliwa milimita moja na kupakwa vanishi upya ni mali. Ikikwanguliwa vibaya, ni hasara isiyorekebika.

Kutoka jani hadi ngoma

Neno msasa lenyewe lina historia. Msasa ni mti wa jamii ya mkuyu ambao majani yake yana mikwaruzo, na mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kuenea. Ukali wa majani hayo hutokana na chembechembe za silika.

Karatasi ya leo hubeba chembe ngumu zaidi. Mojawapo ni karborandamu, iliyovumbuliwa na Mmarekani Edward Acheson mwaka wa 1891. Namba iliyoandikwa nyuma ya karatasi huonyesha ukubwa wa chembe: namba ndogo ni chembe kubwa zinazokwangua sana, na namba kubwa ni chembe ndogo zinazolainisha.

Mashine ya kusugulia mbao huifunga karatasi hiyo kwenye ngoma, yaani mcheduara wa chuma au alumini uliovikwa mpira. Mpira una kazi yake: hubonyea kidogo ili msasa uguse ubao kwa upana, badala ya kuuchimba kwa mstari mwembamba.

Katika mashine za zamani, karatasi hufungwa kwa kuingiza ncha zake katika mwanya ulio kwenye ngoma. Ubaya wa mtindo huu ni kuwa mwanya hupita sakafuni kila mzunguko na unaweza kuacha alama. Mwaka wa 1969, kampuni ya Lägler ya Ujerumani ilileta mashine ya Hummel, inayotumia mkanda wa msasa usio na kiungo cha kufungwa, unaozunguka ngoma na roli ya pili inayoukaza. Mtindo huo umeigwa kwingi.

Hesabu ya mwendo

Kiini cha muundo ni kasi ya msasa, nayo hupatikana kwa hesabu rahisi. Tuchukue ngoma yenye kipenyo cha sentimita 20. Mzingo wake ni takriban sentimita 63. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde, msasa hupita juu ya ubao kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde.

Mota ya kawaida ya umeme wa Kenya, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, huzunguka takriban mara 1,440 kwa dakika ikiwa ina ncha nne za sumaku. Ili ngoma ifikie 2,400, mota hufungwa puli ya milimita 150 na ngoma puli ya milimita 90, kisha zikaunganishwa kwa mkanda. Anayekosea na kufunga puli kubwa kwenye ngoma atapata mwendo mdogo, na msasa utakuwa unararua nyuzi za mbao badala ya kuzikata.

Mota ya kilowati 2.2 katika kasi hiyo hutoa nguvu ya nyutoni 88 hivi, karibu sawa na uzani wa kilo tisa. Hiyo ndiyo nguvu inayoivuta mashine mbele. Kwa hivyo fundi mzoefu haisukumi mashine, huizuia.

Sehemu nyingine muhimu ni wenzo wa kushusha ngoma. Mashine iliyoundwa vyema huishusha ngoma polepole, na fundi huishusha tu akiwa tayari anatembea. Ngoma inayozunguka ikiguswa sakafuni mashine ikiwa imesimama, hata kwa sekunde mbili, huacha shimo ambalo vanishi haitalificha. Badala yake italing'arisha.

Ugonjwa wa mawimbi

Lalama inayosikika sana kuhusu sakafu za mbao zilizopigwa msasa ni mawimbi: mistari midogo inayokingama, isiyoonekana mchana lakini inayojitokeza jua la jioni linapoingia dirishani. Wengi humlaumu fundi, ilhali mara nyingi kosa ni la mashine.

Chukua ngoma ambayo upande mmoja una gramu 20 za ziada, sentimita 10 kutoka katikati. Kwa mizunguko 2,400 kwa dakika, gramu hizo huvuta nje kwa nguvu ya nyutoni 126, karibu uzani wa kilo 13. Nguvu hiyo huigonga sakafu mara 40 kila sekunde. Fundi akitembea mita 15 kwa dakika, mapigo hayo huacha mawimbi yaliyoachana kwa milimita sita hivi.

Kwa hivyo anayepima umbali kati ya mawimbi anaweza kumtambua mkosaji. Mawimbi ya milimita sita hutoka kwenye ngoma. Yakiwa yameachana kwa umbali tofauti na huo, achunguze magurudumu yaliyoliwa upande mmoja, mkanda wenye kiungo kinene, au beringi iliyochakaa.

Tiba yake haihitaji mtambo wa bei ghali. Ngoma ikerezwe hadi iwe duara kamili, kisha shafti yake ilazwe juu ya vyuma viwili vilivyonyooka na kusawazishwa kwa pima-maji. Upande mzito utajigeuza chini wenyewe. Hapo hutobolewa kidogo, au uzito ukaongezwa upande wa pili, hadi ngoma itulie popote inapoachwa.

Mashine za kukereza zinatumiwa katika mafunzo ya umekanika, na vyuo kama Kitale National Polytechnic na taasisi ya Sang'alo iliyoko Bungoma vimewafunza vijana wengi fani hiyo. Fundi wa jua kali anayejiundia mashine kwa bomba la chuma na mota iliyotumika hana budi kupitia hatua hii. Kuiruka ni kuuza mawimbi.

Terazo na jiwe linalozunguka

Mashine ya terazo haina ngoma. Ina sahani ya chuma iliyolala, iliyofungwa mawe ya kusugulia chini yake, na gia inayopunguza mwendo wa mota. Hapa kinachotakiwa ni uzito na nguvu ya kusokota, si kasi.

Mota ya kilowati 3 ikizungusha sahani mara 300 kwa dakika hutoa nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 95. Sakafu huirudisha nguvu hiyo kwa mashine, na mashine kwa mikono ya fundi. Mpini ukiwa na urefu wa mita moja, fundi atakuwa anazuia karibu kilo 10 zinazomvuta upande mmoja siku nzima. Hiyo ndiyo sababu ya maumivu ya mgongo na mabega kwa wanaofanya kazi hii.

Wabunifu walilitatua tatizo hilo kwa kufunga sahani mbili, moja ikizunguka kulia na nyingine kushoto, ili nguvu zao zifutane. Anayenunua mashine kwa matumizi ya kila siku atafanya vyema kulipia sahani ya pili kuliko kulipia daktari.

Terazo husuguliwa ikiwa imekauka kwa siku kadhaa, kuanzia jiwe la namba ya chini, kisha vitundu huzibwa kwa uji wa saruji, ikaachwa igande, na kusuguliwa tena kwa mawe laini zaidi. Maji hutiwa muda wote. Hupoza jiwe, huondoa tope na, muhimu zaidi, huzuia vumbi. Tope hilo lisimwagwe kwenye mfereji wa maji taka, maana lina saruji na litagandia humo.

Umeme na mwinuko

Kuna jambo ambalo aghalabu vitabu vya mashine kutoka ng'ambo hulitaja kwa herufi ndogo: mota za kawaida hupimwa kwa matumizi yasiyozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko katika mwinuko wa takriban mita 1,400 na Kitale takriban mita 1,900. Hewa huko ni nyepesi, hivyo feni ya mota huipoza kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Mota inayofanya kazi bila kuchoka Mombasa inaweza kupata joto kupita kiasi Kitale.

Jenereta huathirika zaidi. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Jenereta ya kilowati 5 itatoa kama kilowati 4.3 Bungoma na kilowati 4 Kitale.

Waya mrefu nao ni adui. Mota ya kilowati 2.2 hutumia takriban ampea 13, lakini inapoanza huweza kuhitaji mara tano ya kiasi hicho. Waya wa mita 30 wenye unene wa milimita mraba 1.5 utapoteza volti 47 wakati huo, na mota itapokea volti 193 badala ya 240. Itanguruma bila kuanza, na ikirudiwarudiwa itaungua. Waya wa milimita mraba 4 hupoteza volti 18 pekee.

Kwa mashine ya terazo, ambapo maji na umeme viko pamoja, waya wa ardhini uliofungwa sawasawa na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30 si mapambo. Ndivyo vinavyomrudisha fundi nyumbani jioni.

Vumbi halina kelele

Mkanda usiofunikwa hukata kidole papo hapo, na kila mtu huuogopa. Vumbi huua polepole, na ndiyo maana hupuuzwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza vumbi la mbao kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu mwaka wa 1995, na vumbi laini la silika mwaka wa 1997. Silika, ambayo hupatikana katika zege na mchanga, pia husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuyarejesha yalivyokuwa.

Feni ya mashine ya mbao inapaswa kuvuta vumbi kutoka nyuma ya ngoma hadi mfukoni, na mfuko uwe wa kitambaa kizito. Kitambaa kinyonge hunasa maganda na kuachilia unga laini, ambao ndio unaofika ndani kabisa mwa mapafu. Leso iliyofungwa puani haiuzuii unga huo. Barakoa maalumu ya kuchuja vumbi inahitajika.

Aidha, vumbi la vanishi kuukuu linaweza kujipasha joto na kuwaka lenyewe. Mfuko umwagwe nje ya nyumba kila jioni. Vilevile, misumari yote izamishwe ndani ya mbao kabla ya kazi kuanza, kwa sababu msumari mmoja unaogongwa na msasa hutoa cheche, na feni huzipeleka moja kwa moja kwenye mfuko.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri afunike sehemu za mashine zinazozunguka, adhibiti vumbi na awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Sheria hiyo haitofautishi kampuni kubwa ya Nairobi na mkandarasi mdogo wa Kiminini au Webuye mwenye vijana wawili.

Kabla ya kukodi au kununua

Mteja au fundi anaweza kuikagua mashine kwa dakika kumi. Aizungushe ngoma kwa mkono akisikiliza beringi. Atazame kama magurudumu ni duara, kama mikanda imefunikwa, na kama wenzo unashuka polepole. Aiwashe ngoma ikiwa juu na kuweka sarafu juu ya mwili wa mashine. Sarafu ikicheza na kuanguka, sakafu nayo itacheza. Mwishowe aombe kuonyeshwa mfuko, waya na barakoa.

Anayekosa kuonyeshwa vitu hivyo vitatu amekwisha kujua atakachouziwa.