Kutoka daftari la dukani hadi kompyuta ya kituo cha afya

Leo mihogo na mahindi vikae pembeni. Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Kisaka alinilalamikia kwamba kituo cha afya kimemwambia hana faili, wakati aliandikishwa mwaka jana. Kumbe mara ya kwanza alitaja jina la baba yake, mara ya pili la mumewe. Kompyuta ikaona watu wawili, na dawa inayomdhuru imeandikwa kwenye faili la kwanza.

Zamani kila mgonjwa alibeba daftari lake. Wenye maduka mnajua mlivyoyauza. Likilowa au likiliwa na panya, historia yake yote imekwenda. Kituoni zilibaki rejesta za MTUHA, mfumo ulioanza nchini mwaka 1993. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu: malaria wangapi, watoto wangapi. Haukuwekwa kumkumbuka Mwita mmoja mmoja.

Badiliko lilianza jirani tu, ng'ambo ya Sirari. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kiliweka kompyuta kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Moi na cha Indiana, Marekani. Kilikuwa kituo cha kijijini chenye umeme wa kukatikakatika, hivyo wakaweka betri na sola. Karani alimwingiza mgonjwa, akampa karatasi ya kwenda nayo kwa mhudumu. Akitoka, yaliyoandikwa humo yaliingizwa kwenye kompyuta. Watafiti walipopima, muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kazi ya watu hao ndiyo iliyozaa OpenMRS mwaka 2004, programu ya bure inayotumika sasa nchi nyingi.

Kwetu Tanzania vituo vingi vya halmashauri vinatumia GoT-HoMIS, mfumo wa serikali yenyewe. Mgonjwa mpya anaulizwa jina, jinsi, umri, makazi, simu na kama analipa kwa bima au taslimu, kisha anapewa namba ya faili.

Kwenye jina ndipo penye shida huku kwetu. Ita Mwita Chacha mnadani uone wangapi watageuka! Mwaka 2022, tukisajili wakulima kwa ruzuku ya mbolea, mimi mwenyewe nilichanganya mzee mmoja na jirani yake wa jina hilo hilo. Msimu ukaanza namba yake haijapatikana, na hadi leo akiniona ananikumbusha. Mbolea ilichelewa tu. Sindano ya mtu mwingine ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo nenda na namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo hakuna kubishana umri. Taja majina matatu yale yale kila mara, akina mama hasa. Mwombe karani akusomee alichoandika kabla hujaondoka dirishani, na namba ya faili uihifadhi kwenye simu. Ukihisi una mafaili mawili, sema pale mapokezi kabla ya kuingia kwa daktari.

Yule mama alirudi Alhamisi na kitambulisho. Karani alitafuta kwa jina la baba, akalikuta faili la zamani, na onyo la dawa limo.