Habari za Unyago, na Nani Atakayemfunza Mwali

Katika desturi zote walizozikuta wamisheni katika pwani ya Afrika ya Mashariki na bara yake, chache ziliwatatiza kama unyago. Wengi waliiona ngoma yake, wakazisikia nyimbo zake, wakasema ni uchafu mtupu, wakaipiga marufuku. Wachache waliuliza kwanza: Desturi hii hufanya kazi gani, na ikiondolewa, ni nani atakayeifanya kazi hiyo? Swali hili lingali mbele yetu, kwa maana wasichana wengi wa mashamba huchukua mimba wangali watoto. Na wazazi, wazee na walimu hulaumiana, kila mmoja akidhani kuwa mwenziwe ndiye aliyepaswa kusema nao. Twaona kuwa habari za zamani zaweza kutufaa katika jambo hili, si kwa kuturudisha nyuma, bali kwa kutuonyesha ni kitu gani kilichovunjika.

Tuanze na maneno, maana mara nyingi maneno hushika kumbukumbu ambayo watu wameisahau. Msichana aliyeona hedhi ya kwanza husemwa kuwa amevunja ungo. Na tangu siku hiyo huitwa mwali. Mwanamke anayemfunza huitwa kungwi, na mara nyingi huitwa somo. Neno hili somo lina matumizi matatu: ni mtu mwenye jina moja na mwenziwe, ni mwanamke wa siri, mwenye kumwelekeza msichana katika mambo ya utu uzima, na shuleni ni fundisho analolitoa mwalimu. Hatusemi kwamba matumizi haya yote yana shina moja. Lakini yafaa kuangalia kwamba kabla ya kengele ya shule kulia, msichana wa pwani alikwisha kuwa na somo lake, naye alikuwa mtu, si kitabu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandiko yake ni sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, ameeleza unyago na jando pamoja na mambo ya ndoa na uzazi, kama mambo ya kawaida ya maisha, wala hakuyaonea haya.

Mafundisho yenyewe yalikuwa mengi. Mwali alifunzwa usafi wa mwili wake wakati wa hedhi, heshima kwa wakubwa, miiko, namna ya kukaa na mume, na mambo ya mimba na kuzaa. Yalifunzwa kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa michezo. Na kwa watu wengine kwa sanamu za udongo, ambazo kila moja ilikuwa na maana yake. Wazaramo wa pande za Dar es Salaam walikuwa wakimweka mwali ndani muda mrefu, miezi mingi, na pengine zaidi ya mwaka. Na alipotolewa nje kwa ngoma, mara nyingi arusi ilikuwa karibu. Kwa hiyo maarifa haya yalikuwa na walinzi watatu. Wa kwanza ni mtu anayejulikana, yaani kungwi. Wa pili ni wakati unaojulikana, yaani kuvunja ungo. Wa tatu ni mwisho unaojulikana, yaani ndoa.

Hata hivyo tusiyapambe mambo ya kale kuliko yalivyostahili. Kungwi alimfunza mwali kumridhisha mume, lakini ni nadra kumfunza kwamba anayo ruhusa ya kukataa. Ndoa ilikuja upesi, na mara nyingi bibi arusi hakuulizwa. Wengi walizaa kabla ya miili yao kukomaa, wala haikuitwa aibu, kwa kuwa mume alikuwapo. Lakini nyonga za mtoto hazijui kama kuna arusi au hakuna. Uchungu uliozuilika kwa wembamba wa njia, kifafa cha mimba, na fistula inayomwacha mama akivuja mkojo, yote haya humpata mwenye ndoa kama yanavyompata asiye nayo. Basi anayesema kwamba zamani hapakuwa na shida hii, amehesabu aibu tu, hakuhesabu makaburi.

Jambo jingine lapasa kuangaliwa hapa. Twapenda kusema, “Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu,” na kwa methali hii twawalaumu akina mama. Lakini desturi yenyewe haikumtaka mama aseme na bintiye mambo haya. Kati ya mama na mwana palikuwa na haya, na ndiyo sababu ya kumtafuta kungwi. Mama wa leo anayenyamaza hajaiacha desturi, yeye anaishika. Aliyetoweka ni yule aliyekuwa akisema kwa niaba yake. Tukimlaumu mama bila kuliona pengo hili, twamdai deni ambalo hakulikopa.

Sasa twende Masasi, maana huko ndiko swali letu lilikoulizwa wazi kuliko mahali pengi. Misheni ya Kiingereza iliyojulikana kwa herufi UMCA ilianza kazi Masasi mwaka 1876, wakati Askofu Edward Steere alipowapeleka huko watu waliokombolewa utumwani. Watu wa nchi ile ni Wayao, Wamakua na Wamakonde, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwao kijana asiyeingia jandoni hakuhesabiwa kuwa mtu kamili, na msichana asiyechezwa unyago alidharauliwa na wenzake. Misheni ilipowakataza Wakristo, wengine walikwenda kwa siri, na wengine walibaki katikati, hawakubaliwi na wazee wala hawajapata mafundisho mengine ya kushika mahali pa yale waliyonyimwa.

Padre Vincent Lucas alifika nchi hiyo mwaka 1909, na mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa Masasi. Yeye pamoja na mapadre na wazee Waafrika walijaribu njia nyingine. Tangu mwaka 1913 ilifanyika jando ya Kikristo: mahali pa kumbi palibarikiwa, sala zikashika nafasi ya matambiko, nyimbo zikachaguliwa, na wavulana wakafunzwa na wazee waliokubaliwa na kanisa. Katika mwaka 1927 Lucas aliandika kuwatetea wazee, akisema kwamba taratibu hizi zina mafundisho ya thamani, na kwamba si haki kubomoa nyumba ya mtu kabla ya kujua chumba gani kina maradhi na chumba gani ni kizima. Maneno haya ya nyumba ni yetu, lakini shauri ni lake. Wakati huo huo, upande wa Kilimanjaro, Bruno Gutmann alikuwa akiyakusanya mafundisho ya Wachagga kwa vijana wao, akayatoa katika vitabu vitatu kati ya miaka 1932 na 1938. Watu hawa wawili hawakufanya kazi moja, lakini walikubali jambo moja: kwamba Mwafrika alikuwa na shule kabla ya shule.

Walakini upande wa wasichana, ambao Masasi huitwa malango, kazi haikuwa nyepesi. Mapadre walikuwa wanaume, na yaliyosemwa ndani hayakuwa yao kuyasikia; ikabidi kuwategemea wanawake wazee wa Kikristo na mabibi wa misheni. Tena marekebisho yaligusa zaidi ibada na nyimbo kuliko kiini cha jambo, yaani kwamba msichana huandaliwa kwa ndoa iliyo karibu. Kosa hili halikuonekana sana wakati ule, kwa kuwa ndoa ilikuwa karibu kweli.

Kisha shule ikauvuta mwisho ule ukaenda mbali. Msichana avunjaye ungo akiwa na miaka 13 au 14, naye akitarajiwa kusoma mpaka miaka 18 au zaidi, ana miaka mingi ya katikati ambayo desturi haikuipa jina. Si mtoto, na si mke. Katika sehemu za Mtwara na Lindi unyago wenyewe umebanwa ukaingia katika likizo za shule, na watoto wengine huingizwa wakiwa wadogo, kabla hata ya kuvunja ungo. Hivyo walinzi wale watatu wametawanyika: kungwi husema upesi upesi, wakati umetangulia, na mwisho umechelewa. Mtoto hutoka na maneno ya kwamba sasa amekua, bila mtu wa kumwongoza siku ya pili. Na mahali ambapo unyago umekufa kabisa, hapana hata hayo maneno.

Hesabu zaonyesha ukubwa wa jambo. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, katika kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Mijini walikuwa 19, na mashamba 32. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 22. Hesabu imeshuka, nasi twafurahi. Lakini zaidi ya mmoja katika kila watano si hesabu ya kulalia usingizi.

Sheria nayo imekuwa na sauti mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi; sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ikasema kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la kubaka, ila akiwa mke. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vile vya ndoa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Kwa upande wa shule, kanuni za mwaka 2002 zilitumiwa kuwafukuza wasichana wenye mimba. Mwaka 2017 Rais alitangaza kwamba aliyezaa hatarudi shuleni. Na Novemba 2021 Serikali ikageuza shauri hilo, wakaruhusiwa kurudi. Katika miaka yote hiyo aliyebeba adhabu mbele ya darasa alikuwa msichana. Hata lugha yetu ya shuleni ilisaidia: tuliandika katika daftari, “Amepata mimba,” kama mtu aliyeokota kitu njiani. Wazee walisema, “Ametiwa mimba,” na kitenzi hicho humfanya msikiaji aulize: na nani?

Wako wanaoogopa wakisema, “Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe.” Wasema kwamba mtoto akiambiwa mambo haya atakwenda kuyajaribu. Hofu hii ni ya watu wanaowapenda watoto, wala haifai kuchekwa. Lakini uchunguzi uliokusanywa na UNESCO kutoka nchi nyingi, na kutolewa katika mwongozo wake wa mwaka 2018, haukuona kwamba mafundisho haya huwaharakisha vijana kuanza; na katika Desemba 2013 mawaziri wa elimu na wa afya wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, waliahidi huko Cape Town kuyaeneza. Tena, ni nani aliyelala? Mtoto wa shamba huona mbuzi wakizaa, husikia ngoma, na siku hizi hutazama picha katika simu ya mwenziwe. Ameamka zamani, asilo nalo ni mtu wa kumwambia kweli.

Basi twatoa shauri gani kwa wenzetu walimu na mapadre? Si kuufufua unyago wote, wala si kusoma kurasa chache za kitabu kwa haraka huku tukitazama dirishani. Ni kuwarudisha walinzi wale watatu kwa namna inayofaa sasa. Mtu: kila shule na kila mtaa wa kanisa uwe na mwanamke mwenye busara kwa wasichana na mwanamume mwenye busara kwa wavulana, waliochaguliwa pamoja na wazazi, ambao mtoto aweza kuwaendea bila hofu, na makungwi wenye akili njema waitwe, wafunzwe juu ya mwili na maradhi, wala wasidharauliwe. Wakati: mafundisho yaanze kabla ya hedhi ya kwanza, kwa kadiri ya umri, na yaendelee mwaka kwa mwaka, yasiwe ya siku moja. Mwisho: msichana afunzwe kwa ajili ya maisha yake mwenyewe, si kwa ajili ya mume asiyejulikana, ajue mimba huingiaje na huzuiwaje, ajue neno la kukataa, na ajue mahali pa kwenda akilazimishwa. Nao wavulana wafunzwe mambo hayo hayo, maana jando halikuwahi kumwachia mvulana ajifunze peke yake.

Na yule ambaye amekwisha kuzaa, akirudi shuleni na daftari lake, apewe kiti. Mafundisho yetu yalimchelewea yeye. Yasimchelewee mtoto wake.