Nyumba Kubwa ya Willowbrook

Wasomaji wetu, vijijini mwetu hakosi mtoto ambaye akili yake haikui upesi kama ya wenzake. Huyu huchelewa kusema, yule huchelewa kutembea. Wazazi hujiuliza: Je, si afadhali watoto hao wakusanywe mahali pamoja, watunzwe na wajuzi? Tumeona vema kusimulia habari za Marekani, maana watu wa huko walilijaribu jambo hili miaka mingi.

Mwaka 1848 daktari mmoja wa mji wa Boston, jina lake Samuel Gridley Howe, alipewa na serikali ya jimbo lake dola 2,500 kwa mwaka, kwa muda wa miaka mitatu, awafundishe watoto 10 maskini wa namna hiyo. Wengi walimcheka. Lakini watoto wakajifunza kula vizuri, kuvaa nguo, na wengine kusema. Nia yake ilikuwa wafundishwe, kisha warudi kwao.

Majimbo mengine yakaiga, nyumba zikaongezwa ukubwa. Walioingia wakawa wengi, waliorudi kwao wachache. Na haba na haba hujaza kibaba. Howe mwenyewe aliiona hatari. Mwaka 1866, wakati wa kuweka jiwe la msingi la nyumba ya vipofu huko Batavia, katika jimbo la New York, aliwaonya watu wasiwakusanye wenye ulemavu mahali pa peke yao, bali wawaache waishi kati ya watu wengine. Hawakumsikiliza.

Mwaka 1947 jimbo hilo la New York lilianza kuwapokea watoto katika nyumba ya Willowbrook, kisiwani Staten Island. Iliitwa shule. Ilijengwa kwa watu 4,000, lakini kufika mwaka 1965 walikuwamo zaidi ya 6,000. Mtunzaji mmoja aliachiwa makumi ya watoto, hata nafasi ya kumlisha kila mmoja ilikuwa haba mno. Tena madaktari waliwatia baadhi yao ugonjwa wa ini kwa makusudi, wapate kuuchunguza. Mwaka 1972 picha za watoto walio uchi, wamelala sakafuni penye uchafu, zilionyeshwa katika televisheni, na nchi nzima ikashtuka.

Ni nani waliowatetea? Wazazi wao. Mwaka huo huo walikwenda mahakamani, na mwaka 1975 serikali ya jimbo ikakubali kuwahamisha watu wale katika nyumba ndogo ndogo zilizo kati ya majirani. Willowbrook ilifungwa mwaka 1987.

Hatusemi kwamba wajuzi hawafai, wala shule haifai. Howe alionyesha kwamba zafaa sana. Lakini mtoto aliyepelekwa mbali, asiyetembelewa na ndugu, hana wa kumsemea. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi tumpeleke mtoto akafundishwe, tumwendee mara kwa mara, tuone kitanda chake na chakula chake, kisha tumrudishe nyumbani.

Nasi tunaomficha mtoto chumbani wageni wajapo, tujihoji: je, hatujajenga Willowbrook ndogo nyumbani mwetu?