Urekebishaji wa nyenzo za kidijitali za mafunzo ya afya (Goma)

Urekebishaji wa nyenzo za kidijitali za mafunzo ya afya ni kazi ya kuchukua video, picha, masomo ya mtandaoni na programu za simu zilizotengenezwa kwingine na kuzigeuza zifae wanafunzi na wagonjwa wa mahali fulani. Mjini Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kazi hiyo hugusa mambo manne: lugha, miongozo ya matibabu, vifaa vilivyomo wodini, na namna ya kumfikishia mwanafunzi somo umeme au mtandao unapokatika. Tafsiri ni sehemu moja tu. Somo lenye Kiswahili safi linaloagiza dawa isiyopatikana halimsaidii muuguzi.

Mazingira

Mji wa Goma uko kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, chini ya volkano Nyiragongo iliyolipuka Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Lava ya mwaka 2002 iliharibu majengo ya hospitali ambayo leo inajulikana kama HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari wa upasuaji wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn; baadaye yakajengwa upya. Mwaka 1994 kipindupindu na kuhara damu viliua takriban watu 50,000 kati ya wakimbizi kutoka Rwanda katika mwezi wa kwanza tu. Kisa cha kwanza cha Ebola mjini kilithibitishwa Julai 2019, na mwaka 2024 ugonjwa wa mpox ulienea kwenye kambi za waliohama makazi yao. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23, huku maji na umeme vikikatika.

Wauguzi wa ngazi ya A2 husomea katika shule za sekondari za uuguzi (ITM), wa A1 katika Institut Supérieur des Techniques Médicales, na madaktari katika vyuo vikuu kama Université de Goma. Lugha ya darasani ni Kifaransa. Mgonjwa huja na Kiswahili cha Goma, Kinyarwanda, Kinande au Kihunde.

Chimbuko

Wazo la kurekebisha nyenzo za afya lilitangulia kompyuta. Kitabu cha afya cha David Werner kilichotoka kwa Kihispania mwaka 1973, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama *Mahali Pasipo na Daktari*, kiliruhusu wazi watu kukinakili na kukibadilisha kulingana na mahitaji yao, mradi wasifanye biashara nacho. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, zilieneza ruhusa ya namna hiyo kwenye mtandao. Mwaka 2008 vyuo vikuu vya Ghana na Afrika Kusini, vikishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan, vilianzisha mtandao wa Afrika wa nyenzo huria za afya ili wahadhiri watengeneze na kubadilishana masomo yao wenyewe.

Leseni ndiyo hutazamwa kwanza kabla ya kazi yoyote. Nyingine huruhusu kugawa nakala lakini hukataza kubadilisha; video yenye leseni hiyo haiwezi kukatwa wala kuwekewa sauti mpya bila idhini ya mwenyewe.

Mfano: somo la kipindupindu

Kwa mgonjwa wa zaidi ya mwaka mmoja aliyeishiwa maji kabisa, Shirika la Afya Duniani hupendekeza dripu ya Ringer lactate: mililita 30 kwa kila kilo ya uzito ndani ya nusu saa, kisha mililita 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu. Mtu mzima wa kilo 50 atahitaji lita tano kwa saa tatu. Kanuni hiyo haibadiliki popote duniani. Kinachobadilika ni namna ya kuionyesha: ikiwa ghala lina mifuko ya mililita 500, somo liseme mifuko kumi, si mitano, na idadi ya matone kwa dakika ihesabiwe kwa aina ya mpira wa dripu uliopo wodini.

Sehemu ya kinga hudai kazi zaidi. Video inayofundisha kuchimba choo kirefu inakwama Goma, ambako ardhi ni mwamba wa lava. Hapo somo linaweza kuanza na maji: picha zinazofaa ni za madumu yanayojazwa ziwani na klorini inayotiwa pale pale ufukweni.

Lugha na picha

Utafiti wa Translators without Borders wakati wa Ebola, mwaka 2019, ulionyesha kwamba taarifa za Kifaransa na za Kiswahili sanifu hazikueleweka vyema kwa wakazi wengi. Kwa hiyo nyenzo bora hubaki na Kifaransa kwenye nadharia na mtihani, na huweka Kiswahili cha mji kwenye maongezi na mgonjwa. Picha nazo huchaguliwa upya: mwanafunzi aliyeona vipele kwenye ngozi nyeupe tu anaweza kuvikosa kwenye ngozi nyeusi.

Kulifikisha somo

Video hupunguzwa ukubwa, maelezo hurekodiwa kama sauti fupi za WhatsApp, na mafaili hupitishwa kwa memori kadi. Programu ya Kiwix huwezesha kusoma makala za tiba za Wikipedia bila intaneti, na kompyuta ndogo inayotumia betri yaweza kugawa maktaba nzima kwa simu za darasa zima bila kifurushi. Safe Delivery App, inayofundisha huduma za uzazi wa dharura na kufanya kazi bila mtandao, ilijaribiwa nchini Kongo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018.

Uhai wa somo

Kila nyenzo inahitaji tarehe ya mapitio na mtu wa kuipitia. Masomo yaliyodai kwamba Ebola haina tiba yalipitwa na wakati Agosti 2019, pale majaribio ya PALM yalipoonyesha kuwa dawa mbili za kingamwili zinaokoa maisha. Majaribio hayo yalifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ndani ya Kivu Kaskazini yenyewe. Moja ya dawa hizo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola katika mlipuko wa mwaka 1995 mjini Kikwit, katika kazi aliyoshiriki Profesa Jean-Jacques Muyembe.

Jimbo lililoipa dunia ushahidi huo halistahili kupokea masomo yaliyofungwa yasiyoweza kuguswa. Wafadhili na watengenezaji wawape walimu wa Goma mafaili yanayoharirika, pamoja na leseni inayoruhusu kuyabadilisha na malipo ya muda wao. Bila hayo matatu, kinachofanyika ni ugawaji wa nakala, si urekebishaji.