Watazamaji wa Ndege: Kutoka Bugolobi hadi Visiwa vya Musambwa

Mkazi wa Bugolobi, upande wa mashariki wa Kampala, hahitaji darubini ili amwone kongoti, yule ndege mkubwa wa jamii ya korongo ambaye Waganda humwita kalooli. Ndege huyu hufuata takataka za mji, na aghalabu huonekana karibu na kinamasi cha Nakivubo, ambacho maji yake huishia katika Ziwa Viktoria. Wengi humdharau. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere alimchunguza na kuandika habari za maisha yake.

Uchunguzi wa namna hiyo ulikuwa na watangulizi. Mwaka 1909 iliundwa jumuiya ya elimu ya viumbe wa Afrika Mashariki na Uganda. Frederick Jackson, aliyekuwa Gavana wa Uganda tangu 1911, aliandika kitabu kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda, kilichotoka 1938, miaka tisa baada ya kufa kwake. Lakini tusidhani kwamba kabla ya vitabu hivyo ndege hawakuwa na wa kuwaangalia.

Tukiyafuata maji ya Nakivubo hadi ziwani, kisha tukielekea kusini kando ya pwani ya magharibi, karibu na mpaka wa Tanzania, tutavikuta visiwa vya mawe viitwavyo Musambwa. Huko shakwe wenye vichwa vya kijivu hutaga kwa maelfu. Neno musambwa ni la Kiganda, nalo lina maana ya mzimu wa mahali. Na kwa mila ya huko ni mwiko kuua nyoka wa kisiwani.

Mayai ya shakwe hayakuwa na kinga hiyo. Yalikuwa chakula cha wavuvi, na kuokota bila kiasi ni kuondoa kizazi kijacho. Ndipo wenyeji, wakishirikiana na chama cha NatureUganda, walipokubaliana kupunguza uokotaji. Mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Hapana shaka mkataba una nguvu, lakini mkono wa mwenye njaa huzuiwa zaidi na mapatano ya majirani zake.

Sisi walimu tunayo sehemu yetu. Wanafunzi na wayaandike majina ya ndege, kongoti, shakwe, buabua, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakiwauliza wazee mila zinazofungamana nayo, kabla majina na mila hizo hazijasahauliwa.