Neno la siri lilivyoacha kupita barabarani

Aliyewahi kutembea kwa miguu toka Masisi hadi Goma na mzigo kichwani anajua: kinachopita barabarani kinaweza kunyang'anywa. Watu wa kompyuta walichelewa kulikubali jambo hilo.

Zamani, aliyetaka kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ile tunayoiita seva, alitumia programu kama Telnet. Aliandika neno lake la siri, nalo likapita kwenye waya jinsi lilivyo, bila kufichwa. Mwizi aliyetega sikio katikati ya njia alilisoma lote. Mwaka 1995 wizi wa namna hiyo uliupata mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini. Mtafiti mmoja wa hapo, Tatu Ylönen, akaandika programu ya kuziba njia hiyo, akaiita SSH. (Jina lisikudanganye, si mtu wa pwani. Tatu ni jina la wanaume huko kwao.) Aliigawa bure mwezi wa saba, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50.

SSH inaficha yote yanayopita. Lakini lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba inakuruhusu kuingia bila kutuma neno la siri kabisa. Wazo hilo lilitoka Marekani. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walieleza kwamba mtu anaweza kuwa na funguo mbili, mmoja wa kugawa kwa yeyote na mwingine wa kubaki nao. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakapata hesabu ya kulifanya lifanye kazi. Waingereza walikuwa wamelipata mapema zaidi, ila walilificha hadi 1997.

Inakuwa hivi. Amri ya ssh-keygen inakutengenezea funguo zote mbili. Ule wa wazi unaandikwa kwenye seva, mstari mmoja, katika faili iitwayo authorized_keys. Ukija kuingia, seva inakupa swali ambalo ni mwenye ufunguo wa siri tu anayeweza kulijibu. Linalosafiri ni jibu. Ufunguo wenyewe unabaki kwako.

Tangu 1999 kuna OpenSSH, ya bure kwa wote, na seva nyingi za dunia zinaitumia.

Sisi wa redio linatuhusu. Sauti za watu waliokimbia, na majina yao, siku hizi zinaweza kulala kwenye seva iliyo nchi nyingine. Vita ikifika usiku, kompyuta inaachwa mezani. Kama ufunguo wa siri ulifungwa kwa maneno marefu ya kuufungulia, aliyeichukua atahangaika. Wakati huo mwenzako aliye mji mwingine anaingia kwa ufunguo wake, anafuta mstari wako mmoja kwenye ile faili, na kompyuta iliyoachwa haiingii tena. Za wengine zinaendelea kufungua.