Miongozo ya wasanidi programu: Ipangwe kwa kazi anayotaka kufanya mtumiaji

MSANIDI programu afunguapo mwongozo wa mfumo asioufahamu, aghalabu hana haja ya kujua mfumo huo una sehemu ngapi. Ana kazi mkononi anayotaka kuikamilisha: kupokea malipo, kutuma ujumbe, au kuonyesha kwenye ramani mahali gari lilipo. Mwongozo uliopangwa kwa kazi ni ule ambao sura zake hupewa majina ya kazi hizo, wala si majina ya viungo vya ndani vya mfumo.

Suala hili huenda likadhaniwa kuwa la wataalamu wa tarakilishi walioko Nairobi pekee. Hata hivyo, athari zake hufika mbali. Chukua mfano wa Leparua, eneo la wafugaji katika Kaunti ya Isiolo linalopakana na hifadhi ya wanyamapori ya Lewa. Tuseme wafugaji kadhaa wameungana ili kuuza mbuzi kwa mnunuzi wa mjini, nao wamemwomba kijana wao aliyesomea teknolojia ya habari awaundie programu ya kupokea malipo kwa simu. Kijana huyo akielewa vibaya ukurasa mmoja tu wa mwongozo, mbuzi wataondoka na pesa hazitaingia.

Sufuri mbili, maana mbili

Safaricom ilizindua M-Pesa mnamo Machi 2007. Mlango unaowawezesha wasanidi kuunganisha programu zao na huduma hiyo huitwa Daraja; ulianzishwa mwaka 2017 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2021. Miongoni mwa huduma zake ni C2B, yaani pesa kutoka kwa mteja kwenda kwa biashara. B2C, kutoka kwa biashara kwenda kwa mteja. Na M-Pesa Express, ambayo humletea mteja ombi la malipo kwenye simu yake ili aweke nambari ya siri.

Majina ya C2B na B2C yanaeleza pesa zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Ni majina sahihi, na yanamfaa anayeujua mfumo. Lakini kijana wa mfano wetu hakuamka asubuhi akitafuta herufi hizo. Swali lake ni moja: nitampelekeaje mnunuzi ombi la kulipa, na nitajuaje kwamba amelipa kabla ya kuwaachilia mbuzi?

Jibu lina hatua nne. Kwanza, programu yake huomba tokeni ya idhini, ambayo hudumu kwa takriban saa moja. Pili, hutuma ombi lenye nambari ya biashara, kiasi cha pesa, nambari ya simu ya mnunuzi inayoanza na 254, na anwani ya mtandao ya kupokelea matokeo. Tatu, mfumo hujibu papo hapo kwa tarakimu iitwayo ResponseCode. Nne, baada ya mnunuzi kukubali au kukataa, matokeo hutumwa kwenye ile anwani yakiwa na tarakimu nyingine iitwayo ResultCode.

Hapa ndipo penye mtego. ResponseCode ikiwa 0, maana yake ni kwamba ombi limepokelewa na linashughulikiwa. Haimaanishi kwamba pesa zimelipwa. Malipo huthibitishwa na ResultCode ikiwa 0. Ikiwa 1032, mnunuzi amefuta ombi. Ikiwa 1, salio lake halitoshi. Ikiwa 1037, simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati.

Ukiziorodhesha tarakimu hizo kialfabeti katika kurasa tofauti, kila maelezo yatakuwa sahihi na hatari haitaonekana. Ukizipanga chini ya kichwa “Pokea malipo kabla ya kutoa bidhaa”, sufuri zote mbili zitakutana katika ukurasa mmoja, na mwandishi atalazimika kusema waziwazi: usitoe bidhaa kwa sufuri ya kwanza. Vilevile atalazimika kueleza la kufanya matokeo yasipofika. Msanidi anapaswa kuuliza hali ya malipo kwa kutumia kitambulisho cha ombi lile lile, kiitwacho CheckoutRequestID, badala ya kutuma ombi jipya ambalo huenda likamtoza mnunuzi mara mbili.

Fikra hii ilitoka wapi

Kupanga miongozo kwa kazi si jambo la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti John M. Carroll na wenzake katika kampuni ya IBM nchini Marekani walichunguza jinsi wafanyakazi wa ofisini walivyojifunza kutumia mitambo ya kuandikia. Waligundua kwamba watu hawakusoma vitabu vikubwa vya maelekezo kutoka mwanzo hadi mwisho. Waliruka kurasa, wakajaribu kazi zao halisi, wakakosea, kisha wakakwama kwa kuwa kitabu hakikueleza jinsi ya kujinasua. Carroll alipendekeza miongozo mifupi inayoanza na kazi halisi na inayomsaidia msomaji kutambua kosa na kulirekebisha. Kitabu chake kuhusu suala hilo, The Nurnberg Funnel, kilichapishwa mwaka 1990.

IBM hiyo hiyo ndiyo iliyobuni utaratibu wa DITA, unaotenganisha maandishi ya kufafanua dhana, ya kuelekeza kazi na ya marejeo. Shirika la viwango la OASIS liliuidhinisha mwaka 2005. Baadaye Daniele Procida alieneza mpango unaoitwa Diátaxis, unaogawa miongozo katika mafungu manne: somo la kumwongoza anayeanza, maelekezo ya kukamilisha kazi, marejeo, na ufafanuzi wa sababu.

Mafungu hayo yana faida moja kubwa: kila moja hujibu haja tofauti. Anayejifunza huhitaji kushikwa mkono. Anayefanya kazi huhitaji hatua. Anayehakiki jambo dogo huhitaji orodha, na anayetaka kuelewa huhitaji maelezo. Mwandishi akiyachanganya yote katika ukurasa mmoja, hakuna hata mmoja anayetosheka.

Jinsi ya kuupanga upya

Hatua ya kwanza ni kukusanya maswali. Shirika lolote lenye mfumo hupokea simu na baruapepe za wasanidi waliokwama. Maswali hayo, yakipangwa kwa wingi wa kuulizwa kwake, ndiyo rasimu ya yaliyomo katika mwongozo mpya.

Pili, kila kichwa kianze na kitenzi na kitaje matokeo. “Rudisha pesa zilizotumwa kimakosa” humfaa msomaji kuliko “Huduma ya urejeshaji”. Mhariri yeyote wa gazeti anajua kwamba kichwa cha habari kisipotaja kilichotokea, msomaji hupita. Msanidi naye hupita vivyo hivyo.

Tatu, ukurasa utaje mapema mahitaji ya kazi: akaunti gani, idhini gani, na iwapo kazi inaweza kufanywa katika uwanja wa majaribio kabla ya kugusa pesa za kweli.

Nne, hatua ziishie mahali panapoweza kuthibitishwa. Msomaji aambiwe atakachokiona kazi ikifaulu, na aambiwe papo hapo la kufanya isipofaulu. Kuzihamishia hitilafu zote kwenye jedwali la mwisho wa kitabu ni kumwacha msomaji njiani.

Tano, mwongozo ujaribiwe kwa macho. Mpe mtu asiyeujua mfumo ukurasa mmoja, kaa kando, na usimsaidie. Pale anaposimama ndipo pa kuandika upya.

Mipaka ya mpango huu

Hata hivyo, mpango wa kazi hauondoi haja ya marejeo kamili. Msanidi mzoefu anayetaka kujua tu nambari ya simu iandikwe kwa muundo gani asilazimishwe kupitia hatua kumi. Kila ukurasa wa kazi unapaswa kuwa na viungo vya kumpeleka kwenye orodha hizo, na orodha nazo zimrejeshe kwenye kazi.

Isitoshe, mfumo mmoja huweza kuwa na watumiaji wenye kazi zisizofanana. Mfumo wa EarthRanger, unaotumiwa katika hifadhi ya Lewa, hukusanya mahali walipo wanyama waliovishwa vifaa vya kufuatilia, magari na walinzi wa doria, na kuwaonyesha kwenye ramani moja. Afisa wa zamu anataka kujua tukio limetokea wapi. Msanidi anataka kuingiza takwimu za kifaa kipya. Kuwaandikia wawili hao ukurasa mmoja ni kumkosa kila mmoja wao.

Kuna pia gharama. Kazi ni nyingi, na kila huduma inapobadilika kurasa zinazoitaja hubadilika nayo. Ndiyo maana inashauriwa kuanza na kazi chache zinazoulizwa sana na zenye hasara kubwa zikikosewa, hasa zile zinazohusu pesa, siri za watu na usalama wao.

Kipimo cha mwongozo, basi, ni kile kinachotokea baada ya kuufunga. Katika mfano wa Leparua, msanidi aliyesoma ukurasa mzuri atasubiri ResultCode iwe 0 ndipo programu yake imruhusu mnunuzi kuwachukua mbuzi. Mfugaji aliyewaleta hatajua kama kulikuwa na ukurasa wowote, bali atajua kwamba pesa zake zimeingia.